Kutoa kebo zote ndani ya handaki la Beetle ya 1966: je, ya klachi na ya mafuta zinaweza kupitishwa nje?

Beetle_66 anauliza:

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Ninakarabati Volkswagen Beetle ya mwaka 1966 yenye injini ya 1300, na kazi imefikia hatua ambayo bodi imeinuliwa juu ya chasi, injini imetolewa, giaboksi bado ipo mahali pake, na mabati ya sakafu ya upande mmoja yaliyoliwa na kutu yamekwisha kukatwa. Kabla ya kuchomelea mabati mapya na kupiga rangi, ninataka kutoa kebo zote zinazopita ndani ya handaki la katikati (ule mfereji wa bati uliofunikwa, unaopita katikati ya sakafu kutoka mbele hadi nyuma), yaani ya klachi, ya mafuta, mbili za handbreki na zile za hita.

Kinachonisumbua ni hizo mbili za kwanza. Kabla gari halijafunguliwa, pedali ya klachi ilikuwa nzito na bado gia ya kurudi nyuma ilikwaruza kila mara, ingawa nati ya kurekebishia ilikuwa imekazwa karibu kufika mwisho wa meno ya kebo. Fundi aliyelishughulikia gari kabla yangu alifunga kebo mpya ya klachi, na tatizo likabaki vilevile. Kebo ya mafuta nayo ilikuwa ikinata: ukiachia pedali, mlio wa injini ulichelewa kushuka, na nilipoivuta kwa mkono upande wa nyuma ilitoka ikiwa imepakaa unga wa kutu.

Fikra yangu ni kuziacha tyubu za ndani zilivyo, kisha kuipitisha kila kebo ndani ya ala ndefu inayonyumbulika, kama ilivyo kwenye pikipiki, ikiambaa na ubavu wa handaki chini ya zulia. Kwa njia hiyo sitalazimika kulikata handaki, ambalo ndilo uti wa mgongo wa chasi hii, na siku za usoni kebo ikikatika nitaibadilisha bila kulala chini ya gari. Naomba kujua kama jambo hilo linafaa, na pia mpangilio mzuri wa kuzitoa kebo zote bila kuharibu kitu kingine.

Fundi_Chasi anajibu:

Ndugu yangu, nianze na klachi, kwa sababu dalili ulizozieleza zinaelekeza mahali pamoja, na mahali penyewe si kwenye kebo. Ndani ya handaki kebo ya klachi haina ala yake. Ni waya mtupu unaoteleza ndani ya tyubu ya chuma, na tyubu hiyo imelehemiwa kwenye vishikizo vilivyomo ndani ya handaki. Inapotokeza nyuma, karibu na giaboksi, hupokelewa na kipande kifupi cha ala inayonyumbulika, ile inayoitwa kwa jina la Bowden, aliyepata hataza ya mfumo huo mwaka 1896, na ncha ya pili ya ala hiyo hukaa kwenye kishikizo cha giaboksi. Sasa fikiria nguvu zinavyokwenda: mguu unapovuta waya kuelekea mbele, ala hukandamizwa baina ya kishikizo cha giaboksi na ncha ya tyubu, kwa hiyo tyubu husukumwa mbele kwa nguvu ileile inayovuta mkono wa klachi. Tyubu ikiwa imara, mwendo wote wa pedali huufikia mkono wa klachi. Ikiwa lehemu imeachia, tyubu husogea mbele na kujipinda, sehemu ya mwendo wa pedali hupotelea humo, waya husuguana na kuta zilizopinda, na matokeo ni hayohayo uliyoyapata: pedali nzito, klachi isiyoachia vizuri, na gia inayokwaruza. Ndiyo maana kebo mpya haikusaidia chochote.

Kulithibitisha hilo ni rahisi kwa kuwa injini imekwisha kutoka. Chomoa ala ya Bowden, shika ncha ya tyubu inayotokeza nyuma kwa plaiza, kisha jaribu kuisukuma, kuivuta na kuizungusha. Tyubu iliyo nzima haisogei hata kidogo. Halafu toa mkono wa gia, umulike tochi kupitia tundu lake kuelekea mbele na nyuma, na uingize vidole upapase vishikizo. Mara nyingi utaiona tyubu imelala chini ya handaki badala ya kushikiliwa mahali pake.

Kuhusu kuipitisha nje, ushauri wangu kwa klachi ni usifanye. Kwenye pikipiki ala ni fupi na klachi ni nyepesi. Hapa utahitaji ala itakayoenda urefu wote wa handaki, nayo itakandamizwa kwa nguvu kubwa kila unapokanyaga. Ala ndefu hujikunja na kusinyaa kidogo chini ya nguvu, kila kona huongeza msuguano, na utalazimika kutengeneza vishikizo viwili imara kwenye mabati ambayo hayakuwekwa hapo kubeba mzigo huo. Utakuwa umeiondoa tyubu iliyolegea na kuweka ala inayosinyaa, na pedali itabaki na tabia ileile. Kwa mafuta hali ni tofauti, kwa sababu nguvu ni ndogo na ala yenye bitana la plastiki ingeweza kufanya kazi. Hata hivyo itapita mahali miguu inapokanyaga na reli za viti zinapoteleza, na kebo ya mafuta iliyobanwa na kiti ni kebo inayoweza kukwama ikiwa imefunguka. Ningejaribu kwanza kuiokoa tyubu yake.

Mpangilio wa kutoa ni huu. Anza nyuma kwenye mkono wa klachi, upande wa kushoto wa giaboksi. Ishike ncha ya kebo isizunguke, maana ukiiacha ijisokote waya hufumuka, kisha fungua nati yenye masikio mawili. Toa ala ya Bowden pamoja na kifuniko chake cha mpira, na uhesabu washa zilizo kati ya ala na kishikizo cha giaboksi. Zihifadhi pamoja, kwa kuwa hizo ndizo zinazopanga mpindo wa ala. Kwenye kabureta legeza skrubu iliyo kwenye pini ya mkono wake, au kwa kuwa injini imetoka tayari, hakikisha tu ncha ya kebo ya mafuta iko huru na bomba lake la plastiki limechomolewa.

Kisha hamia mbele. Fungua bamba dogo la sakafuni linalozuia pedali isirudi kupita kiasi, tenganisha kiungo cha pedali ya mafuta, ondoa fimbo inayosukuma masta silinda ya breki, halafu fungua boliti mbili zinazoshika mkusanyiko wa pedali kwenye ubavu wa handaki. Uvute mkusanyiko huo polepole, kwa sababu jicho la kebo ya klachi limening'inia kwenye ndoano ya mhimili wake na huchomoka mara tu mvuto unapolegea. Kebo zote mbili, ya klachi na ya mafuta, hutolewa kwa mbele kupitia tundu hilohilo la pedali. Kebo inapotoka, ipitishe kati ya vidole ukiwa umevaa glavu: mahali waya ulipong'aa au nyuzi zilipokatika panakuonyesha tyubu imejipinda wapi, nawe unaweza kupima umbali huo kutoka kwenye jicho na kuuhamishia juu ya handaki kwa chaki. Kipimo hicho kitakuokoa usikate dirisha mahali pasipo na tatizo.

Na kabla hujawasha mashine yoyote ya kukata au kuchomelea: bomba la petroli la chuma nalo linapita ndani ya handaki hilohilo. Hata kama tangi limebaki kwenye bodi, bomba hilo linaweza kuwa na masalio ya petroli na mvuke wake. Lifungue ncha zote mbili, limwage, lipulize kwa hewa hadi harufu iishe, na uwe na kizima moto karibu. Jambo hili silisemi kwa kupita; naliweka mbele ya mengine yote.

Waya_wa_Ethi anajibu:

Naongeza jambo moja ambalo naona halijatajwa, nalo linahusu ile kebo ya mafuta iliyokuwa ikinata. Kwenye gari hili injini na giaboksi vimekaa juu ya mipira, kwa hiyo umeme wa stata haurudi kwenye betri kupitia boliti za kawaida; unategemea mkanda mmoja wa nyaya za shaba zilizosukwa, unaounganisha giaboksi na chasi. Mkanda huo ukioza au ukifungwa juu ya rangi na kutu, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya chuma, na njia zilizopo ni kebo ya mafuta na kebo ya klachi. Kebo hizo hazikutengenezwa kubeba mkondo wa stata. Hupata joto, grisi huungua na kuwa lami, nyuzi hupoteza ugumu wake, na wakati mwingine kebo huunguza hata bomba la plastiki linaloikinga nyuma.

Kwa hiyo ukiitoa kebo ya mafuta, itazame rangi yake. Kutu pekee huacha unga wa kahawia. Ukiona sehemu zenye rangi ya buluu, au plastiki iliyoyeyuka kuzunguka ncha ya tyubu, tafuta mkanda wa ethi kabla ya kulaumu kitu kingine. Dalili nyingine ni stata inayozunguka kwa uvivu ilhali betri ni nzima. Weka mkanda mpya, kwangua rangi hadi chuma king'ae pande zote mbili, kaza, kisha paka grisi juu yake ili unyevu usiingie. Usifunge kebo mpya kabla ya kufanya hivyo, maana itaishia kama ya zamani.

Beetle_66:

Nashukuru sana, wakuu. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Tyubu ya klachi inasogea mbele na nyuma kiasi cha upana wa kidole, na kwa tochi nimekiona kishikizo cha ndani, karibu na usawa wa mkono wa gia, kikiwa kimebaki peke yake huku tyubu imelala chini. Kebo yenyewe imeng'aa karibu na hapo, kama Fundi_Chasi alivyosema. Mkanda wa ethi upo, lakini nusu ya nyuzi zake zimekatika.

Kebo ya mafuta imetoka salama ila tyubu yake ina kutu nzito. Sehemu ya nyuma ya kebo hiyo nimeiangalia vizuri na nimegundua jambo jingine: aliyekuwa na gari kabla yangu hakuipitisha kwenye kijibomba kinachotoboa nyumba ya feni (bati linalofunika feni ya kupozea injini), aliizungusha ubavuni mwa nyumba ya feni na kuifunga kwa waya kwenye bati la injini, kwa sababu kijibomba chenyewe kilikuwa kimepotea. Je, njia hiyo ina ubaya gani? Na je, kuhusu handbreki na hita, kuna jambo la kuzingatia kabla sijavuta?

Klachi_ya_Mafuta anajibu:

Kwa kuwa tyubu imeachia na mwenye gari hataki kulikata handaki, mimi ningeitazama njia ya tatu: kuiacha kebo ya klachi kabisa na kufunga mfumo wa hidroli, wenye masta silinda ndogo kwenye pedali na silinda nyingine kwenye mkono wa klachi. Bomba la hidroli linaweza kupita mahali popote bila kujali kona, kwa sababu halivutwi wala halisukumwi. Linabeba shinikizo tu. Kwenye gari lililobadilishwa injini na kuwekewa klachi nzito zaidi, hilo ndilo suluhisho ninalolipendelea.

Fundi_Chasi anajibu:

Hoja ya Klachi_ya_Mafuta ni ya kweli, nami nisingempinga mtu aliyeifuata kwenye gari lenye klachi ngumu. Hapa, hata hivyo, tuna injini ya kawaida ya 1300, bodi imekwisha kuinuliwa, na sehemu iliyoharibika inaonekana kwa macho. Hidroli italeta masta silinda ya pili, mipira yake, mafuta yake na mahali pa kuifungia ambapo hapakuwepo, ili kukwepa lehemu moja. Gari hili kiwandani lilipewa klachi ya kebo, na kebo ikipita katika tyubu iliyonyooka na kushikwa vizuri, pedali yake huwa nyepesi kuliko wengi wanavyodhani.

Kata dirisha kwenye ubavu wa handaki mahali chaki ilipokuonyesha. Kata pande tatu tu, ukunje bati kama kifuniko cha bahasha, ili baadaye lirudi mahali pake bila kupoteza ukubwa. Tumia diski nyembamba na usiingie ndani kupita unene wa bati, kwa sababu nyuma yake kuna tyubu nyingine, bomba la petroli na fimbo ya gia. Safisha tyubu na kishikizo hadi chuma cheupe. Halafu, na hapa ndipo penye ufundi, usichomelee papo hapo. Kwanza ingiza kebo mpya, au fimbo nyembamba iliyonyooka, upite urefu wote, uone tyubu inataka kukaa wapi ikiwa haijalazimishwa. Iliyokwisha kujipinda inyooshe, na ikiwa imetoboka kwa kusuguliwa, kata kipande kibovu na uunganishe kipande kipya kwa mkono wa nje, si kwa kuunganisha ncha kwa ncha, ili lehemu isitokeze ndani na kuanza kuukata waya. Toa kebo kabla ya kuwasha moto. Kama nafasi inaruhusu, ongeza kishikizo cha pili, maana tyubu ndefu iliyoshikwa mahali pamoja huendelea kucheza na kuichosha lehemu mpya.

Fimbo ya gia itoe kabisa. Bushi yake ya plastiki iko karibu na mahali hapo na haivumilii joto la kuchomelea, na kwa kuwa fimbo imetoka, badilisha bushi hiyo sasa. Ni kitu kidogo kinachofanya gia ziingie kwa usahihi.

Tyubu ya mafuta usiikate kabla ya kujaribu kuisafisha. Mimina mafuta ya kulegeza kutu kutoka ncha zote mbili uyaache yakae, kisha chukua kipande cha kebo ya zamani, fumua ncha yake kidogo iwe na nyuzi zilizochanua, ukifunge kwenye mashine ya kutobolea na ukizungushe polepole huku ukikisukuma ndani na kukirudisha. Kila mara futa uchafu, puliza kwa hewa, rudia. Kutu ya tyubu hizi mara nyingi iko mwishoni mwake, mahali maji yanapoingilia, na katikati chuma huwa kizuri. Ikiwa baada ya hapo waya bado unakwama, basi kwa kebo hiyo peke yake unaweza kupitisha ala yenye bitana la plastiki, lakini ndani ya handaki, ukiifunga mbele na nyuma kwenye ncha za tyubu ya zamani. Dirisha utakuwa umekwisha kulifungua. Hakuna sababu ya kuitoa njia ya kebo nje mahali pa kukanyagwa.

Mtunza_Kale anajibu:

Naomba nishughulikie nyumba ya feni, handbreki na hita.

Kijibomba kinachotoboa nyumba ya feni kinafanya kazi mbili. Kwanza, kinaifikisha kebo mbele ya kabureta ikiwa imenyooka, hivyo mkono wa kabureta huvutwa katika mstari wake wenyewe. Ukiizungusha ubavuni, waya huvuta kwa pembe, pini ya mkono hulika upande mmoja, na springi ya kurudisha hulazimika kushinda msuguano wa kona hiyo kila unapoachia mguu. Mlio uliokuwa ukichelewa kushuka huenda ulisababishwa na kona hiyo sawa na kutu. Pili, kinaiweka kebo mbali na vitu vinavyozunguka na vinavyounguza. Injini hii hutikisika juu ya mipira yake, na kebo iliyofungwa kwa waya kwenye bati la injini huvutwa kila injini inapoinuka au kushuka. Dereva hukaa na mguu mahali pamoja, lakini injini hupandisha na kushusha mlio yenyewe. Kwa hiyo tafuta kijibomba kingine, au utengeneze kwa tyubu ya chuma yenye kipenyo kinachofanana, ukilainisha midomo yake ya ndani kwa msasa ili isiukwaruze waya. Kikifungwa, kisiguse mapanga ya feni hata kidogo. Zungusha feni kwa mkono mzunguko mzima uhakikishe. Bomba la plastiki kati ya chasi na bati la mbele la injini, pamoja na kifuniko cha mpira, ni lazima virudi, kwani bila hivyo maji na vumbi huingia moja kwa moja kwenye tyubu uliyoisumbukia.

Handbreki hutolewa kwa upande wa nyuma, kinyume na zile za pedali. Fungua nati zilizo kwenye ncha za kebo pale zinapokutana na mkono wa handbreki. Kwenye magurudumu itabidi ngoma za breki zitoke, na hapo utakutana na nati kubwa ya 36 mm ya ekseli, ambayo hukazwa kwa takriban Nm 300. Ilegeze gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake na kuzuiwa vizuri, kamwe si likiwa juu ya jeki. Kama chasi yako tayari iko juu ya stendi, ishushe kwanza. Ndani ya ngoma chomoa ncha ya kebo kwenye mkono wa viatu vya breki, fungua boliti inayoshika ala kwenye bamba la nyuma, kisha vuta kebo nzima kuelekea nyuma.

Mkono wenyewe wa handbreki una jambo la kuangalia. Unapoutoa mahali pake baada ya kuondoa pini yake, usibonyeze kitufe cha juu. Ukikibonyeza, kipande chenye meno kilicho chini yake huachia na kuangukia ndani ya handaki, na kukirudisha kinavyotakiwa huchukua muda. Funga kitufe kwa utepe wa gundi kabla hujaanza, uwe na amani.

Kebo za hita kwenye gari la umri huo huendeshwa na vikono viwili vilivyo kando ya handbreki, kwa hiyo mkono wa handbreki ukishatoka, ncha zake utazifikia kupitia uwazi uleule. Ziachie kwanza nyuma kwenye vifuniko vya masanduku ya joto, halafu uzivute mbele. Hizi ndizo zinazokwama kuliko zote, kwa sababu ncha zake za nyuma hukaa karibu na egzosi na kwenye matope, na watu wengi hukaa miaka bila kuigusa hita. Ikikataa kutoka, usiivute kwa nguvu ukaing'oa tyubu yake. Ikate nyuma palipoharibika, mimina mafuta ya kulegeza, na uizungushe kwa plaiza huku ukiivuta. Waya wa zamani hauna thamani tena, tyubu inayo.

Unaponunua kebo mpya, taja mwaka wa gari, nambari ya chasi na upande wa usukani. Urefu wa kebo za Beetle ulibadilika kwa miaka, na za usukani wa kulia hazifanani zote na za usukani wa kushoto. Zilaze mpya kando ya za zamani uzipime kabla ya kupaka grisi.

Beetle_66:

Nimeelewa. Nitalifungua handaki kama ilivyoelekezwa, na wazo la kuzipitisha kebo nje nimeliacha. Swali langu la mwisho ni kuhusu kurudisha: je, kebo niziingize sasa chasi ikiwa wazi, au nisubiri bodi irudi? Na ule mpindo wa ala ya Bowden, ambao Fundi_Chasi ameugusa kidogo, unatakiwa uwe kiasi gani? Ya kwangu ilikuwa imenyooka kabisa.

Fundi_Chasi anajibu:

Ziingize baada ya rangi kukauka na kabla ya bodi kurudi. Mwanga unao, nafasi unayo, na unaweza kuona kila ncha inavyotokeza. Kebo ya klachi na ya mafuta huingia kwa mbele kupitia tundu la pedali: paka grisi kwenye kiganja, pitisha waya ndani yake unapouingiza, na uitafute midomo ya tyubu kwa ncha ya kidole. Kebo ya klachi ikishaingia, itundike jicho lake kwenye ndoano ya pedali na umwombe mtu aivute kidogo kwa nyuma muda wote unaoufunga mkusanyiko wa pedali, la sivyo jicho litachomoka nawe hutajua hadi utakapokanyaga. Kaza boliti, kisha rudisha lile bamba la sakafuni, ambalo pia husaidia kuizuia pedali isirudi nyuma kiasi cha kuachia jicho.

Ala ya Bowden iliyonyooka kabisa ni kosa, ijapokuwa inapendeza machoni. Mpindo wake hutakiwa uwe kati ya milimita 25 na 45, ukipimwa katikati kutoka kwenye mstari ulionyooka baina ya ncha zake mbili, na huongezwa au kupunguzwa kwa zile washa nilizokuomba uzihifadhi. Injini na giaboksi husogea juu ya mipira gari linapoanza kuondoka. Ala yenye mpindo hupokea mwendo huo bila kuuhamishia kwenye mkono wa klachi, na msuguano mdogo wa mpindo huzuia klachi isitetemeke. Ikinyooka, kila mtikisiko wa injini huvuta klachi kidogo, na gari huondoka kwa kudundadunda. Mpindo ukizidi, pedali inakuwa nzito na waya hulika mapema. Upime injini ikiwa imefungwa tayari, kwa sababu uzito wake hubadilisha mahali giaboksi inapokaa.

Baada ya hapo rekebisha nati ya masikio hadi pedali iwe na mchezo huru wa milimita 10 hadi 20 juu, kabla ya kuanza kuhisi ukinzani. Masikio ya nati yakae kwenye mashimo yake ya mkono wa klachi, ili isijilegeze yenyewe. Kebo mpya hunyooka kidogo mwanzoni, kwa hiyo rudia kupima baada ya safari chache.

Kebo ya mafuta irekebishe pedali ikiwa imekanyagwa hadi chini kabisa, mtu mwingine akiwa kwenye kabureta. Katika hali hiyo mkono wa kabureta uwe umefunguka karibu wote, ukibakiza takriban milimita 1 kabla ya kugonga kizuizi chake. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoizuia nguvu ya mguu isiishie kwenye kebo na mhimili wa kabureta. Kisha mwambie aachie ghafla: mkono unatakiwa urudi wenyewe hadi mwisho, kwa sauti ya chuma kugonga chuma. Ukirudi kwa kusita, fungua skrubu ya pini, ivute kebo kwa vidole peke yake, halafu usogeze mkono wa kabureta peke yake, nawe utajua papo hapo kinachonata ni kipi kati ya hivyo viwili.